Jagi la Russel Wright lina nyufa: je, niliroweke kwenye klorini?

SWALI: Ninaishi Columbus, Ohio. Nimenunua kwenye duka la mitumba jagi la kijivu la American Modern, vyombo vya mezani vya mbunifu Mmarekani Russel Wright, lenye sahihi yake kitakoni. Limejaa nyufa nyembamba zilizoingia madoa ya kahawia. Muuzaji alisema nyufa ndizo zinazothibitisha ukale wake. Binamu yangu ananishauri niliroweke usiku kucha kwenye klorini ya kufulia, kisha nilipashe moto kwenye oveni ili madoa yatoke. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana, dada yangu. Jagi lako huenda kweli ni la kale, ila si kwa sababu aliyokupa muuzaji.

Nyufa hizo hutokea pale udongo na glezi, yaani tabaka la kioo linaloyeyuka juu yake tanurini, vinaposhindwa kwenda pamoja. Chombo kikipoa, glezi ikasinyaa kuliko udongo, huvutika mpaka ipasuke, na hilo laweza kutokea siku ileile kinapotolewa tanurini. Udongo wenye vinyweleo, kama huu wako, pia hunyonya unyevu na kuvimba taratibu kwa miaka, na glezi ikapasuka baadaye. Ndiyo maana utakuta sahani ya 1940 haina ufa hata mmoja, na bakuli la mwaka jana limechanika kote. Walaghai wanalijua hili vizuri. Hupasha moto chombo kipya, hukitumbukiza kwenye maji baridi, hukipaka chai, na mnunuzi hulipia kasoro akidhani amelipia historia.

Soma muhuri. American Modern ilitengenezwa na kiwanda cha Steubenville Pottery, humo humo Ohio, kuanzia 1939 hadi 1959, na jina Steubenville huandikwa pamoja na sahihi. Kiwanda cha Bauer cha California kimetoa upya maumbo haya kwa jina lake. Kijivu hicho, Granite Grey, kilikuwapo tangu mwanzo, kwa hiyo rangi haitakupa mwaka. Lingekuwa la Cantaloupe au Glacier Blue, ungejua ni la miaka ya 1950.

Sasa hiyo klorini. Ushauri huu nakutana nao kila mara, na vyombo vilivyoharibiwa nao huletwa kwangu vikiwa vimechelewa. Klorini huingia kwenye nyufa na kuacha chumvi ndani ya udongo. Maji yakikauka, chumvi hugeuka fuwele nyuma ya glezi na kuibandua vipande vipande, pengine miezi kadhaa baada ya wewe kufurahia weupe wake. Oveni nayo huongeza nyufa.

Loweka jagi kwanza kwenye maji yaliyokenekwa (distilled water), ukiyabadilisha kila siku, ili udongo ushibe kabla ya dawa yoyote. Kisha funika sehemu zenye madoa kwa pamba iliyolowa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, na uzungushie plastiki isikauke. Suuza, loweka tena, anika kivulini taratibu. Doa likibaki, liache. Chombo chenye dhahabu au kilichowahi kugundishwa usikiguse kwa peroksaidi. Na jagi lenye nyufa usilitilie juisi ya machungwa wala siki. Glezi za zamani zaweza kuwa na risasi, yaani madini yenye sumu (lead), na uchachu huyatoa.

Hatari ya kulaghaiwa ni kubwa zaidi kwa vyombo visivyo na muhuri. Vyombo vya mezani vya Town and Country, alivyovibuni Eva Zeisel kwa ajili ya kiwanda cha Red Wing cha Minnesota miaka ya 1940, vingi havina alama yoyote, na hapo ndipo muuzaji hushika nyufa kama cheti. Linganisha umbo na vipande vilivyoko kwenye makumbusho, kisha muulize muuzaji chombo kilisafishwa kwa kitu gani. Geuza kitako ukitazame: ukiona unga mweupe kwenye sehemu isiyo na glezi, huenda ni chumvi inayotoka. Usikinunue, hata kama bei ni ya kutupa.