Kichanja cha marakuja juu ya mawe ya volkano

Mama, umesema mvua ndiyo iliyoangusha kichanja chako, ile fremu ya nguzo na fito inayobeba marakuja. Si mvua. Nguzo za sentimita 20 ndani ya udongo haziwezi kubeba marakuja iliyojaa majani mabichi: upepo unasukuma majani, nguzo inachezacheza, mwisho inalala. Najua kuchimba Goma ni vita. Tumia mtaimbo, fika sentimita 50. Mwamba ukikataa kabisa kwenye 30, simika nguzo hapo, mwaga zege, halafu weka mihimili miwili ya mshazari. Usiiache bila mihimili.

Kwa kichanja cha mita 4 kutoka ncha hadi ncha, nguzo tatu za mkaratusi zinatosha, kila moja mita 2.5 na unene wa sentimita 10 hivi. Menya maganda, kausha kivulini wiki kadhaa. Mti mbichi ukikaukia kazini unajipinda na kupasuka, misumari inalegea. Nguzo huoza pale inapotoka ardhini, kwa hiyo paka lami hapo, juu na chini. Mafuta machafu ya gari hapana, utakula matunda ya hapo. Shindilia mawe madogo kuzunguka nguzo; yanapitisha maji.

Fito tano za kulala: ya kwanza sentimita 30 kutoka chini, zingine kila 40. Toboa kabla ya kupiga msumari, hasa karibu na ncha.

Miche miwili inatosha. Ifunge kwa vitambaa, vilegee. Waya utakata shina likinenepa.