Gimbali ama maiki kwanza? Jibu kwa fundi wa Mumias mwenye Canon 700D na elfu 15

SWALI: Habari fundi. Niko Mumias, nimepata Canon 700D ya mkono wa pili pamoja na lenzi yake ya 18-55. Nataka kuanza kushuti harusi na pia mahojiano mafupi ya kwaya yetu na vikundi vya akina mama. Nimejaribu lakini video inatetemeka nikitembea, na sauti ndio mbaya zaidi, unasikia upepo na watoto wakicheza kuliko mtu anayeongea. Jua likiwa kali nayo video inakuwa nyeupe ama mwendo unaonekana kama unakatakata. Nina elfu 15 pekee yake na kuna harusi ya binamu yangu mwezi ujao. Muuzaji mmoja ameniambia ninunue gimbali kwanza. Nianze na nini?

JIBU: Salama ndugu. Gimbali, ule mtambo wa mota unaoshika kamera isitetemeke, wacha kwanza. Si kitu kibaya, mimi hapa Kisumu naitumia kwa harusi nyingi, lakini kwa hio kamera na hio pesa itakula bajeti yote alafu shida yako kubwa, ambayo ni sauti, ibaki vile vile. Na kuna jambo muuzaji hakukwambia. 700D haina ile autofokasi ya Dual Pixel, Canon waliianzisha kwa 70D mwaka wa 2013, yako ni ya mwaka huo huo lakini ilibaki na mfumo wa zamani ambao ni mzito kwa video, kwa hivyo ukiwa unatembea na gimbali mbele ya bibi harusi lenzi itakuwa inatafuta fokasi, inaenda inarudi, na mikono yote miwili imeshika gimbali huwezi kuzungusha ringi ya lenzi ukairekebisha. Utapata video inateleza vizuri sana lakini sura ya mtu haijashika, na hio huwezi kumuuzia mtu.

Pesa yako ya kwanza iende kwa maiki. Maiki iliyo ndani ya kamera inaonewa bure, watu husema ni mbovu, lakini shida yake kubwa ni umbali. Kama mama wa kikundi yuko mita 3 kutoka kwa kamera na watoto wako mita 4, kamera inawasikia karibu sawa, haina njia ya kujua unamtaka nani. Dawa ni kusogeza maiki karibu na mdomo. Nunua maiki ya kola ya waya, Boya BY-M1 ndio utaipata kwa urahisi kwa maduka ya hapa, waya wake ni mita 6 na inaingia kwa simu na kwa kamera pia. Ina kiboksi kidogo katikati ya waya, ndani kuna betri ya kidonge ya LR44, na kwa ubavu kuna swichi ya simu na kamera. Ukiichomeka kwa kamera swichi ikiwa bado iko upande wa simu utapata sauti hafifu ama usipate kitu kabisa, alafu utalaumu maiki bure. Weka LR44 ya ziada kwa mfuko wa kamera, ni pesa kidogo na inaweza kuokoa siku nzima. Ukimaliza kazi rudisha swichi upande wa simu, la sivyo hio betri inaendelea kuliwa.

Kuivaa nako kuna adabu yake. Ibane kwa nguo shubiri moja chini ya kidevu, si kwa kola kabisa ambapo kidevu kinaizibia sauti mtu akiinama. Kama mama amevaa leso ama kitenge kigumu angalia nguo isiisugue, fanya kitanzi kidogo cha waya chini ya hio klipu na ukishike na teipu, ili waya ukivutwa mvuto usifike kwa maiki. Mwambie pia atoe mkufu kama unagonga gonga.

Alafu ingia kwa menyu ya kamera, upande wa sauti ya video, utoe otomatiki uweke manyuali. Kwa otomatiki mtu akinyamaza kamera inapandisha sauti yenyewe ikitafuta chochote, ndio maana katikati ya maneno unasikia ule mvumo wa shhh. Kwa manyuali mwambie aongee kawaida, angalia mistari ile inayoruka, iache icheze karibu na 12 chini ya sifuri na isiguse sifuri kabisa. 700D haina tundu la iafoni, kwa hivyo kabla ya mahojiano rekodi sekunde kumi, icheze, weka sikio kwa kamera usikilize. Ni kazi kidogo lakini usiiruke hata siku moja.

Kwa harusi hutaweza kumfunga bwana harusi waya wa mita 6 hadi kwa kamera. Hapo chomeka maiki kwa simu yoyote yenye tundu la iafoni na programu ya kurekodi sauti, iweke kwa hali ya ndege kwa sababu simu ikiingia katikati ya viapo rekodi inaweza kukatika, itie kwa mfuko wa ndani wa koti lake na maiki ibane chini ya lepeli. Kama programu inakuruhusu kuchagua, chagua WAV na 48,000, hio ndio kipimo cha sauti ya video. Vitu vyote vikishaanza kurekodi piga makofi mara moja mbele ya kamera, na mwishoni piga tena, ukifika kwa kompyuta unalinganisha mlio wa kofi na picha ya mikono ikigusana. Kofi la mwisho ni muhimu kama rekodi ni ndefu kwa sababu saa ya simu na saa ya kamera huwa hazitembei sawa kabisa, baada ya dakika nyingi midomo inaanza kuachana na maneno kidogo kidogo. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ina toleo la bure na inafanya hio kazi vizuri, ingawa inataka kompyuta yenye nguvu kiasi.

Kanisani usichukue waya kutoka kwa miksa ya dijei ukauchomeka moja kwa moja kwa tundu la maiki la kamera. Miksa inatoa sauti yenye nguvu nyingi kuliko ile tundu la maiki linatarajia, itapasuka na hakuna namna ya kuirudisha. Kama una simu ya pili iweke kwa mimbari karibu na maiki ya mhubiri, inatosha.

Upepo nao. Ile sponji ndogo inayokuja na maiki inasaidia ndani ya nyumba, nje haitoshi, tafuta ile ya manyoya ama uifiche maiki chini ya tabaka moja jepesi la nguo. Huku kwetu ziwani upepo wa mchana unatoka majini unakuja nchi kavu, ukishuti Dunga saa tisa utauona. Kwenu Mumias shida yako ni mvua ya alasiri. Ikishapiga mabati hakuna maiki ya bei yoyote itakusaidia ndani ya hilo kanisa, kwa hivyo mahojiano ya kwaya na akina mama yapange asubuhi.

Baada ya sauti ni traipodi. Usinunue ile nyepesi ya simu yenye miguu kama waya. Dukani isimamishe, ifungue miguu yote, ifunge, alafu bonyeza juu kwa kiganja na uzungushe kichwa polepole kama unafuata mtu anatembea. Ukiachilia mkono kichwa kisirudi nyuma hata kidogo, na kusiwe na ile hali ya kukwama kisha kuruka. Ukikuta kichwa cha mafuta (fluid head, kinachozunguka bila kukwama) cha mkono wa pili chukua hicho, ni afadhali kuliko traipodi mpya ya plastiki. Kamera yako na hio lenzi ni kama gramu 800 tu, huhitaji mtambo mzito, unahitaji ule uliotulia. Upepo ukizidi ning'iniza begi katikati ya miguu. Ikiwa iko kwa traipodi zima ile IS ya lenzi, yaani kipunguza mtetemo.

Ukitaka kutembea nayo, washa IS, weka lenzi kwa 18, vaa mkanda wa kamera shingoni kisha sukuma kamera mbele mpaka mkanda ukaze kabisa, viwiko vikae karibu na mbavu, tembea magoti yamelegea. Shingo na mikono miwili inakuwa sehemu tatu za kushikilia. Haitakuwa kama gimbali lakini kwa hatua tano sita za maharusi kuingia inatosha sana, na pia jifunze kutotembea, simama upate picha iliyotulia wao ndio watembee.

Sasa jua. Hapa ndipo watu wengi wa kamera za picha wanapotea wakiingia kwa video. Weka kamera kwa PAL, fremu 25, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, uiache hapo hapo. Shata ikiwa mara mbili ya fremu mwendo unaonekana wa kawaida, na tena stima yetu Kenya ni hezi 50, kwa hivyo 1/50 inakuepusha na taa nyingi zinazopepesa kwa video ukiwa ndani. Unaposema mwendo unakatakata ni kwa sababu kamera imeenda otomatiki ikapandisha shata mpaka 1/1000 na zaidi ili kupunguza mwanga. Ukiishikilia kwa 1/50 na ISO 100 (wepesi wa kamera kushika mwanga) kwa jua la saa saba, utalazimika kufunga tundu la lenzi hadi f/22, dogo sana, ndio picha isiwe nyeupe, na kwa f/22 kila kitu kinaonekana, mti, gari, choo cha nyuma, na picha yenyewe inapoteza ukali. Unachohitaji ni filta ya ND, ni kioo cha kijivu kinachopunguza mwanga bila kubadilisha rangi. ND8 inakutoa f/22 hadi f/8, ND32 inakufikisha f/4. Lenzi yako inachukua filta ya milimita 58, soma namba mbele ya lenzi uhakikishe. Zile za kuzungusha ni rahisi kutumia lakini za bei ya chini ukizizungusha hadi mwisho zinaleta alama nyeusi ya X kwa picha, kaa katikati tu. Pia angalia kama lenzi yako imeandikwa STM, hio mbele haizunguki, lakini zile za zamani mbele inazunguka ikitafuta fokasi na filta inazunguka nayo, mwanga unabadilika katikati ya kushuti.

Kivuli usoni saa ya jua la utosi, chukua ile stairofomu nyeupe inayokuja kwa katoni ya TV, mtu aishike kifuani kwa pembe, inarudisha mwanga machoni. Hio ni bure. Taa ya LED nunua baadaye, kazi ikishaanza kulipa.

Betri ya LP-E8 ikiwa mpya inakupa kama saa moja na nusu ya video, ya mkono wa pili ni chini ya hapo, kwa hivyo ongeza moja. Kadi chukua 32GB klasi 10, inabeba kama saa moja na nusu ya video kwa kamera yako, na kabla ya kuiamini ipime kwa kompyuta na programu ya H2testw, ni ya bure, itakuambia kama ile 32 iliyoandikwa juu ni 32 kweli. Kadi feki huonekana nzuri mpaka siku unafungua faili na hakuna kitu. Alafu kumbuka 700D inasimama yenyewe kwa dakika 29 na sekunde 59, mahubiri yakirefuka usingoje, wimbo ukianza simamisha uanze upya.

Nikigawa elfu 15 yako: traipodi isizidi 7,000, maiki 2,000, filta 2,000, betri 1,500, kadi 1,500, na 1,000 inayobaki ni manyoya ya maiki, LR44 na teipu. Ukikosa filta nzuri Kisumu agiza Luthuli, Nairobi, itumwe na basi. Usikubali kupunguza ya maiki ili traipodi iwe kubwa. Vitu vikifika, kabla ya siku ya binamu yako nenda ibada ya Jumapili moja ushuti yote kama umelipwa, simu kwa mimbari na makofi yote mawili, ukae nayo kwa kompyuta jioni ulinganishe sauti mpaka mwisho.