Msome mnyama kabla ya kumgusa: kwa wanaoanza kazi katika kliniki za mbwa na paka Nairobi

Ukianza kazi katika kliniki ya mbwa na paka hapa Nairobi, uwe umetoka kampasi ya Upper Kabete, wanakosomea madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, au umeajiriwa kusafisha vizimba, wiki ya kwanza utakuwa na hamu ya kushika sindano. Sindano itakuja. Wageni wa kazi hii huumwa kwa sababu ya mkono ulionyoshwa mapema mno, na wanyama wengi hufa kwa kitu walichopewa au kupakwa nyumbani saa chache kabla ya kuletwa. Anza na hayo mawili, mengine yatafuata.

Mbwa wengi utakaowapokea ni wa ulinzi. Asubuhi anafungiwa bandani, usiku anafunguliwa azunguke uani, na watu anaowajua ni wawili: anayempa chakula na bawabu. Mtoto wa mbwa huzoea watu, magari na kelele kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya umri wake. Aliyepitisha wiki hizo nyuma ya mabati akiona mlango tu, siku ya kuletwa kliniki kila kitu kwake ni tisho: harufu ya spiriti, sakafu inayoteleza, mgeni aliyevaa koti. Mwenyewe atakwambia "huyu ni mkali." Wewe chukulia kwamba ni mwoga, maana woga ndio huuma.

Mbwa hatoi onyo kwa mngurumo peke yake. Mngurumo huja mwishoni. Kwanza hulamba pua ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, kisha hugeuza uso pembeni huku jicho likibaki kwako mpaka weupe wake unaonekana. Halafu mwili unakakamaa. Kama alikuwa akihema, mdomo unafungwa ghafla. Hapo simama, rudisha mkono taratibu, usimkazie macho. Wala usidanganywe na mkia. Mkia unaopepea kwa ulegevu pamoja na kiuno chote ni salamu. Ule ulioinuliwa juu, mgumu, unaotikisika kwa haraka na kwa ufupi, ni wa mbwa aliyepandwa na mori. Na mwenye mbwa akimchapa kwa sababu amenguruma, mzuie kwa upole. Mbwa aliyefunzwa kutonguruma atauma bila taarifa, na huenda atakayeumwa ni mtoto wa nyumbani.

Kumkaribia: geuka ubavu, piga goti bila kumwinamia, acha yeye aje akunuse. Dakika mbili zinatosha. Gusa kifua au bega kwanza, si utosi. Mbwa mkubwa mpime sakafuni juu ya mkeka wa mpira. Ukimpandisha kwenye meza ya chuma inayoteleza, umeanzisha vita usivyohitaji.

Kumfunga mdomo ni ufundi wa kurudiwa mpaka mikono ijue yenyewe. Kwa mbwa wa ukubwa wa German Shepherd, kata bandeji ya upana wa sentimita 5, urefu wa mita moja na nusu. Tengeneza kitanzi kipana chenye fundo moja, kipitishe kutoka ubavuni, kikae katikati ya pua na macho, kisha kaza fundo likiwa juu ya pua. Shusha ncha zote mbili chini ya kidevu, zikatize, zipeleke nyuma ya masikio na ufunge fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Makosa ni mawili. Kitanzi kikikaa mbele mno, kinabana matundu ya pua au kinachomoka. Ncha za nyuma zikilegea, anaing'oa bandeji kwa mguu wa mbele na sasa amekasirika zaidi. Usimfunge anayetapika, anayehema kwa shida, au aliyeletwa na joto kali mwilini. Mbwa hujipoza kwa kuhema, kwa hiyo fundo hilo ni la dakika chache tu. Kwa wale wa pua fupi hakuna pa kukalia kitanzi. Zungushia taulo nene shingoni badala yake.

Paka ana masharti mengine. Hapa mjini wapo wanaokuja ndani ya kizimba kizuri cha plastiki, na wapo wanaokuja kwa kiondo, kwa katoni, au kwa gunia juu ya boda. Kabla ya kufungua chochote, funga mlango na madirisha. Paka akichomoka na kuingia Barabara ya Ngong, usitarajie atarudi akiitwa. Kizimba kiweke juu, benchi au meza, kikiwa kimefunikwa taulo, mbali na mbwa. Kama kifuniko kinafunguka, kitoe na umpime akiwa amekaa kwenye nusu ya chini. Kumbana ngozi ya kisogo ni mtindo wa zamani. Humtuliza kwa nje huku hofu ikipanda, na ziara ijayo itakuwa mbaya zaidi.

Paka anayepumua kwa mdomo wazi ni dharura, hata kama anatembea. Mwachie, mpe oksijeni, mwite daktari. Dharura nyingine huja na maneno ya kupotosha: "Paka wangu dume amefunga choo, anajikamua tangu jana." Mara nyingi ni mkojo uliozibika. Ukigusa tumbo la chini utakuta tufe gumu mfano wa chungwa. Usilifinye, kibofu kinaweza kupasuka. Potasiamu hupanda kwenye damu na kusimamisha moyo, kwa hiyo huyu hapangwi foleni.

Sasa tuje kwenye sumu, na hapa usiwe na haraka. Uliza bila kulaumu, kwa kuwa anayelaumiwa huficha. Usiulize "mlimpa nini?" Sema: "Kuna dawa yoyote aliyopata, ya binadamu au ya kupe, tangu juzi?" Tembe moja ya paracetamol ya miligramu 500 inatosha kumuua paka, ini lake halina uwezo wa kuivunja. Fizi zake huwa za rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba. Ibuprofen na diclofenac, ambazo watu hununua kwa maumivu ya mgongo na kumgawia mbwa anayechechemea, hutoboa tumbo na kuharibu figo.

Agroveti huuza dawa za kuogeshea ng'ombe, na mkazi wa mjini huchukua kwa kipimo cha kifuniko cha chupa, akampaka mbwa na paka pamoja. Hapo ndipo jina la dawa lina thamani kuliko dalili. Amitrazi humfanya mnyama asinzie, mapigo ya moyo yapungue, mwili upoe. Dawa za jamii ya oganofosfeti na kabameti humfanya atokwe na mate mengi, ahare, mboni za macho ziwe kama ncha ya sindano, misuli icheze. Hawa wa pili wanahitaji atropini. Ukimpa atropini yule wa amitrazi kwa kuona moyo unakwenda polepole, unaweza kumzidishia madhara. Dawa ya huyu ni atipamezoli, chini ya uangalizi wa daktari. Kisha kuna matone ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini: yakimwagikia paka, hutetemeka na kupata degedege. Wote waliopakwa waogeshe kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, ukiwa umevaa glovu, kisha wakaushe wasipoe. Anayetetemeka sana atulizwe na daktari kwanza.

Ndiyo maana simu ya dharura ikiingia, ombi la kwanza ni chupa au pakiti. Waje nayo, hata kama ni tupu. La pili: wasimnyweshe kitu. Maziwa hayaui sumu, mafuta ya kupikia yakiingia mapafuni ni ugonjwa mwingine, na maji ya chumvi ni sumu yenyewe. Mnyama anayetetemeka au aliyelegea hawezi kumeza vizuri. Nyama iliyorushwa juu ya geti usiku nayo iletwe, ndani ya mfuko.

Sumu ya panya inayozuia damu kuganda huchanganya wengi kwa sababu mbwa hucheza siku mbili tatu kama kawaida, halafu siku ya 3 hadi ya 5 anaanza kutoka damu puani, kwenye fizi au ndani ya kifua. Aliyeonekana akiila asirudishwe nyumbani kwa kuwa "yuko sawa". Vitamini K1 huendelea kwa wiki kadhaa.

Mawili mengine kwa kifupi. Maua ya lili, yale ya vase, huharibu figo za paka hata kwa chavua aliyoilamba kutoka kwenye manyoya. Na upande wa Karen na Lang'ata, mbwa akiletwa amefumba macho na kujikuna uso, fikiria swila aliyemtemea: osha macho kwa maji safi au ya chumvi ya hospitali dakika 15 hadi 20 papo hapo, maswali baadaye.

Kichaa cha mbwa kiweke akilini kila siku. Kenya ilijiwekea mpango wa kukitokomeza kati ya 2014 na 2030, lakini wewe hukutana na mbwa wa leo. Maneno ya hatari ni "ana mfupa umekwama kooni": taya imelegea, mate yanatiririka, hali wala hanywi. Usitie mkono mdomoni. Uliza historia ya chanjo, kama ametoroka au ameumwa, na kama tabia imebadilika ghafla. Kabla hujaanza kazi pata chanjo ya kinga, dozi siku ya 0, yaani siku ya kuanza, na ya 7. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyechanjwa awali hupata dozi mbili zaidi, siku ya 0 na ya 3. Mbwa aliyeuma, kama ana afya, hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Andika tarehe ya kuumwa ukutani, si kichwani.

Jambo dogo la heshima: kila aliyevaa koti kliniki huitwa "daktari." Jibu kwa adabu, lakini usitoe ushauri wa dawa. Sheria ya 2011 inampa kazi ya kutibu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo.

Na kuhusu usafi: kinyesi cha mtoto wa mbwa mwenye pavo, ugonjwa wa kuhara unaoletwa na kirusi, kitolewe kwanza, paoshwe kwa sabuni, ndipo umwage Jik, sehemu 1 kwa 30 za maji, na uiache dakika 10. Ukiimwaga juu ya kinyesi haifanyi kitu. Dettol haiui kirusi hicho, tena usiitumie kwenye kizimba cha paka, kwani hulamba miguu.