Conan, Adnan na mkate wa plastiki: majibu ya maswali yenu

Tangu niandike kuhusu Conan, mfululizo wa katuni wa Kijapani uliorushwa na NHK, shirika la utangazaji la Japani, mwaka 1978 chini ya uongozi wa Hayao Miyazaki, maswali hayajakatika. Wengi wenu mnaujua kwa jina la Adnan na Lina, kwa sauti za Kiarabu. Nimechagua machache. Wanaouliza inapatikana wapi bure wasisubiri jibu langu.

Msomaji wa Mombasa: Hii si ni katuni ya watoto? Mbona unaipa uzito wote huo?

Ni ya watoto. Uji nao ni wa watoto, na hakuna anayeupika kwa maji ya mtaro kwa sababu hiyo.

Msomaji wa Dar es Salaam: Wanasema dunia iliangamia 2008. Mwaka ule umepita na tuko salama. Haijapitwa na wakati?

Swali hili nimeshalijibu zaidi ya mara moja, na kila mara linarudi kutoka kwa mtu ambaye hajatazama hata sehemu ya kwanza. Katuni haikupiga ramli. Ilichagua mwaka uliokuwa miaka 30 mbele, ili mtoto wa miaka 8 aliyekaa mbele ya televisheni mwaka 1978 ajihesabie mwenyewe: wakati huo nitakuwa na miaka 38, labda na watoto wangu. Na kwa kuwa wengi mnasema "bomu la nyuklia", naomba tusikosee tena. Silaha zilizotumika ni za sumaku, kali kuliko nyuklia. Mhimili wa dunia ulipinda, mabara matano yakapasuka na kuzama. Hadithi inaanza miaka 20 baadaye, maji yakiwa yamefunika karibu kila kitu.

Msomaji wa Tanga: Nimeshangaa. Katuni ya kutetea mazingira inafungua na mtoto anaua papa! Huo si unafiki?

Rudi kwenye dakika zile uzitazame tena, polepole. Conan anazama na chusa mkononi. Papa ni mkubwa kuliko yeye. Wanapambana chini ya maji mpaka pumzi inakaribia kumwishia, kisha anamburura mpaka mwambani. Kisiwani wako wawili tu, yeye na babu yake. Kile ni kitoweo chao.

Wewe ni mtu wa Tanga, na papa mkavu wa nazi unamjua. Aliyekosea si anayekula papa. Papa huchelewa kupevuka na huzaa watoto wachache, kwa hiyo akivuliwa kupita kiasi huisha upesi, lakini mtu mmoja na chusa yake hawezi kummaliza. Anayemmaliza ni anayetega jarife usiku kucha, na yule anayekata mapezi ya kuuza nje na kuutupa mwili baharini. Na kwenu Tanga mmeona kwa macho baruti ilivyoyafanya matumbawe. Ukitaka kukasirika, hapo pana sababu ya kutosha. Mtoto mwenye njaa mwache ale.

Msomaji wa Maskati: Uliandika kwamba "hii si katuni ya miti". Mimi nimekua nayo, na nikumbukacho ni mashamba mazuri ya kule Ardh al-Amal. Ulikuwa na maana gani?

Ahsante, hili ndilo nililotaka kuulizwa.

Mashamba yapo, na ni mazuri. Ardh al-Amal, ambayo kwa Kijapani inaitwa High Harbor, ni kijiji cha wakulima. Watu wanalima, wanafuma, wanaoka mkate wa ngano. Kila mtu anayapenda. Ila watazamaji wengi wakitoka hapo husema, "Ujumbe ni kwamba tupende mimea," kisha wanazima televisheni wakiwa wametosheka. Hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu nusu nzima ya hadithi inapita mbele ya macho yao bila kuonekana.

Nusu hiyo ni Industria, mji wa chuma ambao ninyi mliujua kama al-Qal'a. Industria hailimi. Inaishi kwa masalia ya ulimwengu uliokufa. Meli ya Kapteni Dyce inatumwa kwenda kufukua plastiki ya zamani, inairudisha, na ndani ya mitambo plastiki ile inageuzwa mafuta, vifaa, na hata mkate. Tulia hapo kwenye mkate. Mtu anatafuna takataka za babu zake akiziita chakula, na anashukuru kwa sababu ndicho kilichopo. Chini ya mji, gizani, wanaishi wale waliokataa, wakijificha. Juu kabisa, ndani ya mnara, yumo Lepka, mtawala wa mji, na umeme anao yeye.

Kwa macho yangu mazingira ndiyo hayo: mkate umetoka wapi, nani ametumwa kuuchimba, nani analala gizani, na swichi iko mkononi mwa nani. Unaweza kupanda miche elfu moja siku ya kampeni, ukapiga picha ukiwa na fulana mpya, na maswali hayo yakabaki palepale hayajaguswa. Nimewahi kwenda kwenye upandaji wa namna hiyo. Tulipewa maji ya chupa, na jioni chupa zilikuwa zimezagaa kuzunguka miche. Hakuna aliyerudi kuzizoa, wala kuimwagilia ile miche.

Mwanafunzi, Morogoro: Kwa hiyo jibu lao ni umeme wa jua?

Laiti ingekuwa rahisi hivyo, mwanangu. Kinu cha nyuklia cha Industria kinaelekea kuzimika, ndiyo maana wanamsaka mwanasayansi Dk. Lao, babu yake Lana, yule msichana rafiki wa Conan: yeye Lao ndiye anayejua namna ya kuiamsha nishati ya jua. Lana anatekwa kwa sababu hiyohiyo. Lao anakataa kwa muda mrefu, na anakataa kwa sababu anaijua nishati ile kwa undani. Kizazi chake kilikuwa nayo, na dunia ikaangamia vilevile. Inapoamshwa mwishoni ili watu wapate kuokolewa, Lepka anakimbilia Gigant, lile dege kubwa la vita, na kulirusha. Jua ni lilelile, na nia yake ni ileile ya siku zote.

Kumbuka pia wakati. Mwaka 1973 mafuta yalipopanda bei, Wajapani waligombania hata karatasi za chooni madukani. Miaka mitano baadaye wanatazama mji unaoishiwa nishati. Waliielewa bila kufafanuliwa. Kwa hiyo ukisomea umeme wa jua, na nakuombea ufike, usisahau kuuliza mitambo ni ya nani na bei anapanga nani.

Msomaji wa Nairobi: Conan anaruka kutoka juu ya mnara akiwa amembeba Lana na havunjiki hata kidole. Fizikia iko wapi?

Miguu ilimfa ganzi. Inatosha.

Dada wa Unguja: Monsley, yule afisa wa Industria, aliteka, aliamuru mizinga, halafu wanamsamehe na anaolewa. Mbona rahisi hivyo?

Si rahisi, dada yangu, ila yanatendeka kimyakimya. Monsley alikuwa mtoto wakati wa maangamizi. Inafika siku, akiwa katikati ya kijani cha High Harbor, inamjia kumbukumbu ya mbwa wake Muku na ya mawimbi yaliyokuja. Haombi radhi kwa maneno. Anaanza kuchoka na amri, kidogo kidogo, mpaka siku anayosimama mbele ya Lepka akijua atalipa. Mimi namwamini kuliko mhusika mwingine yeyote, kwa sababu Conan alizaliwa mwema, naye Monsley ilimbidi ageuke. Watu wa namna yake tunawahitaji: mhandisi wa kiwanda, karani wa kibali. Tukiwafungia mlango watabaki kwa Lepka.

Msomaji wa Dubai: Ugomvi wa nyumbani. Mume wangu anasema waliotazama kwa Kiarabu hawajaiona kazi yenyewe. Kweli?

Mwambie shemeji apunguze. Tafsiri ile ilifanyika Kuwait mwanzoni mwa miaka ya 1980. Conan akawa Adnan, Lana akawa Lina, Lepka akawa Allam, Monsley akawa Samira, Kapteni Dyce akawa Namiq. Majina yamebadilika, hadithi imesimama. Sisi tuliipata kwa kaseti za video zilizoletwa na shangazi kutoka Maskati, tukitazama mkekani, mkubwa mmoja akitafsiri Kiarabu kwa Kiswahili na mara nyingine akijitungia. Niliielewa.

Tena ziko nyumba za Ghuba ambako ilieleweka kwa namna ambayo hata Tokyo haikuwezekana. Kule, watoto wa nchi zenye mafuta walikaa wakatazama mji ulioishiwa nishati, uliobakiwa na mnara, walinzi na mkate wa bandia. Muulize mume wako alipokuwa mdogo alijiona yuko upande gani. Hapo mtapata mazungumzo ya maana kuliko ugomvi wa majina.

Msomaji wa Arusha: Sina muda wa sehemu zote 26. Ipo filamu ya 1979. Nitazame hiyo?

Hapana. Filamu ile ni vipande vilivyokatwa vikaunganishwa, na Miyazaki hakushiriki. Utaona mbio na milipuko, utakosa mkate. Mwaka 2020 NHK iliurusha tena mfululizo mzima, picha zikiwa zimesafishwa vizuri. Tafuta toleo hilo kwa njia halali. Sehemu moja haifiki nusu saa. Tazama moja kila jioni na wanao, na usiruke ile ya kijiji eti haina mapigano.