Land Rover la babu: chasisi kwanza, tairi baadaye

Ami fundi, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Konde, Pemba. Babu yetu alipofariki, familia imeniachia Land Rover lake la dizeli, Series III lile refu la 109 (inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), ambalo limekaa miaka chini ya mwembe. Injini inawaka. Nataka nilitengeneze nipite nalo njia za mashamba na kwenda Kigomasha na wenzangu siku za mapumziko. Rafiki yangu wa Dar es Salaam ananishauri ninyanyue springi inchi nne, nifunge tairi pana, na nitoe injini niweke ya Toyota yenye nguvu. Fedha haitoshi kwa yote. Nianze na lipi? — Mwalimu, Konde

Waalaikumu salaam, mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Katika hayo matatu usianze na hata moja. Fedha yako ya mwaka huu itie kwenye chasisi na breki.

Watu wanaitazama bodi ya Land Rover, hawaoni kutu, wanasema gari zima. Bodi ile ni aluminiamu. Gari hili lilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, ndiyo bodi ikafanywa ya aluminiamu, na mtindo huo ukaendelea mpaka Series III yako, iliyoundwa kati ya 1971 na 1985. Lakini chasisi ni chuma, na kile kiambaza kinachotenga injini na abiria ni chuma vilevile. Kwa hewa yetu ya chumvi, juu kunapendeza na chini kumekwisha.

Sasa fanya hivi. Lipandishe gari juu ya magogo imara, usitegemee jeki peke yake, kisha lala chini na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chasisi kuanzia mbele kabisa, pale zinaposhikwa springi, uje taratibu hadi boriti ya nyuma. Chuma kizima kinalia na kuirudisha nyundo. Kilichooza kinaitikia kwa sauti butu, na vumbi jekundu linakuangukia usoni, basi vaa miwani. Hapo choma bisibisi, ikizama, umepata. Chasisi hii ni boksi lenye uwazi ndani, matope huingia yakatua humo, kwa hiyo kutu inaanzia ndani na rangi ya nje haikwambii kitu. Kawia zaidi kwenye ile mikono inayotoka ubavuni kushika bodi, na kwenye boriti ya nyuma, maana ndiko kunakooza mwanzo. Kisha nyanyua mikeka ya mbele, utazame pa kuwekea miguu na nguzo za milango.

Ukikuta matundu, usikubali kubandikiwa kibati juu ya kutu. Ni kazi ninayoiona kila siku na inaniuma, kwa sababu mwenye gari analipa, anaondoka ameridhika, na masika moja tu inatosha kuirudisha. Kilichooza kikatwe mpaka kifikiwe chuma safi, ndipo kichomewe chuma cha unene uleule, na waya za betri ziwe zimefunguliwa kabla ya mtu kuwasha mashine ya kuchomea. Ukimaliza, puliza oili au nta ndani ya boksi lote kupitia yale matundu ya kutolea maji, na uhakikishe matundu yenyewe hayajaziba. Kila bodi inapokutana na chasisi weka kipande cha mpira. Aluminiamu na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu inaliwa. Ule unga mweupe utakaouona kwenye maungio ndiyo dalili yake.

Breki za gari hili ni za ngoma magurudumu yote manne. Gari lililokaa miaka, raba za silinda zimekauka, na paipu za chuma zimeliwa kwa nje. Badilisha raba zote kwa pamoja, mipira yote ya kupitisha mafuta ya breki na paipu zote, na paipu mpya ziwe za shaba na nikeli. Mlima wa kushuka ukiwa na tope si pahala pa kujaribia breki.

Nirudi kwa rafiki yako. Njia za Pemba zinapanda na kushuka, na nyingi zimelala upande. Ukilinyanyua gari inchi nne umeliongezea hatari ya kupinduka palepale unapotaka kupita. Propela shafti, zile zinazopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye ekseli, nazo zinakaa mshazari kuliko zilivyoundiwa, na viungo vyake vinakwisha mapema. Tairi pana zinaonekana vizuri katika picha. Katika udongo wa kinongo uliolowa, tairi nyembamba ndefu ya 7.50-16, ambayo ndiyo ya gari lako, inakata tope na kufika ardhi ngumu, ilhali pana inaelea juu na kuteleza. Isitoshe, gurudumu kubwa na zito linazidisha kazi ya breki hizo za ngoma na linazisumbua hafu shafti, zile shafti zinazozungusha magurudumu. Nunua tairi mpya za kipimo chake, zenye meno makubwa.

Injini iache. Ile dizeli ya lita 2.25 ina nguvu za farasi sitini na kitu tu, na gia boksi pamoja na hafu shafti vimepimwa kwa nguvu hiyo. Ukiweka injini kubwa utakuwa umehamisha ubovu kutoka mbele kuupeleka nyuma. Kwa mlima mkali una gia nzito: simamisha gari, vuta ule mkono mwekundu nyuma, litapanda polepole na litafika.

Na uzuri wa gari hili ni kwamba hata hafu shafti ya nyuma ikikatika porini hulali huko. Fungua boliti sita za katikati ya gurudumu, chomoa kipande cha shafti, rudisha kifuniko, bonyeza kile kitufe cha njano ili magurudumu ya mbele yavute, rudi nyumbani taratibu. Kipande kilichobaki ndani ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, kitolewe kabla ya safari nyingine. Ila pasipo dharura kama hiyo, usibonyeze kitufe hicho kwenye lami. Gari hili halina difu ya katikati ya kuyaruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, na barabara kavu isiyoteleza inazikaza shafti na gia kwenye kila kona.

Mambo mawili ya njiani. Ukinasa, usifunge mnyororo wala kamba ya winchi kwenye mkarafuu. Ganda lake likichunika mti unaumia, na mti ule ni karo ya mtoto wa mtu. Tafuta mwembe mnene, tumia mkanda mpana, na mwombe ruhusa mwenye shamba. Na ukielekea Kigomasha, barabara inapita ndani ya msitu wa Ngezi. Msitu umehifadhiwa. Fuata barabara iliyopo, usifungue njia nyingine hata mkiwa na hamu kiasi gani.

Ami, pwani ya kwetu maji yakipwa wakati wa bamvua unaweza kwenda mbali sana. Nina Land Cruiser ya zamani, naomba kujua nikiipitisha kwenye maji ya bahari niioshe vipi. — Msomaji, Jambiani

Usiipitishe, mwanangu. Pwani hiyo ina mashamba ya mwani ya kina mama, na kamba zao zimefungwa kwenye vijiti ambavyo dereva havioni mpaka ameshavipita. Ikiwa gari limekwisha kuingia, lioshe siku hiyohiyo kwa maji baridi ya mfereji, mengi, kutokea chini: chasisi kwa ndani, ngoma za breki, springi, viungo vya shafti. Kesho yake fungua oili ya difu kidogo uitazame. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Mwaga yote, utie mpya, na utafute sili iliyovuja. Baada ya hapo piga grisi kila chuchu mpaka ya zamani itoke.

Nimeona Suzuki SJ410 inauzwa Mwanakwerekwe. Itaweza njia za maweni upande wa Makunduchi? — Kijana, Mjini

Itaweza sana, tena kuliko magari makubwa. Injini ni ya lita moja, lakini gari ni jepesi na jembamba, linapita baina ya mawe ambapo Land Rover refu lingekwaruza tumbo. Hadhari yako iwe tairi. Kwenye mchanga unapunguza upepo, ila kwenye maweni usipunguze hivyo, kwani tairi laini inavimba ubavu na jiwe la matumbawe linauchana. Mpango wa gari mkweche ni mmoja, hivyo kabla hujatoa fedha, chukua nyundo uliyomsikia mwalimu wa Konde akielezwa, ulale chini yake.