Kwenye Mradi wa Msaada, Kagua Kwanza Vitu vya Bure

Fundi mwenzangu, siku ukipigiwa simu kwamba kuna shirika linajenga madarasa kijijini na linatafuta mwashi, utaletewa ramani na orodha ya vifaa. Saruji imepigiwa hesabu, nondo zimepigiwa hesabu, bati geji 28 zipo, hata misumari ya kenchi (fremu za mbao za paa) ipo. Chini kabisa utakuta sehemu imeandikwa "mchango wa wananchi": kiwanja, mawe, mchanga, maji, nguvu kazi. Hapo hakuna bei. Nimejenga madarasa ya namna hiyo vijiji vya Chemba na Kondoa, mkoani Dodoma, na karibu kila kitu kilichotukwamisha kilitoka hapo pasipo na bei. Kwa hiyo orodha ya saruji iache kwanza, anza na hivyo vya bure.

Tuanze na kiwanja. Kijiji kinatoa ardhi, lakini nani atatoa shamba lake la alizeti? Mara nyingi mtaonyeshwa eneo ambalo halilimwi, na ukiona karibu na makazi kuna ardhi hailimwi, jiulize kwa nini. Mwezi wa tisa, mgeni akishuka kwenye gari, mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, inaonekana imara kama lami. Ule udongo ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na jengo lililo juu yake linapanda na kushuka nao. Misimu michache tu ya mvua, utaona ufa umeanzia kona ya dirisha unakimbilia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha.

Mahali pamoja kamba zilikuwa zimeshatandazwa. Akapita mzee mmoja na ng'ombe wake, nikamwamkia, akaitikia, akasimama kutazama vigingi.

"Fundi, mnajenga nini hapa?"

"Madarasa, mzee wangu."

"Hapa mvua zikianza ng'ombe wangu wananasa. Watoto mtawafundisha kuogelea?"

Mwenyekiti wa kijiji hakufurahi, maana alitaka shule ionekane kutoka barabarani. Tukachimba shimo la kufika kifuani mbele ya kamati nzima, na bado lilikuwa jeusi hadi chini. Jengo likahamia kwenye mwinuko wa udongo mwekundu. Wewe pia usimwachie mwenyekiti peke yake akuonyeshe kiwanja. Tafuta wachungaji wa mifugo, uliza Januari maji yanasimama wapi. Na ikiwa hakuna pengine ila hapo kwenye mbuga, mhandisi wa halmashauri aje kabla ya jembe la kwanza, kwa sababu kuondoa udongo ule na kujaza moramu (udongo wa changarawe) ni gharama ambayo orodha yako haina.

Maji ndiyo hasa yaliyonifanya niandike. Hesabu yake ni nyepesi, ila ofisini huwa haifanywi. Mfuko wa saruji wa kilo 50, ukichanganya zege la kawaida, unataka kama lita 25 za maji. Mifuko 100 ni lita 2,500, yaani ndoo 125 za lita 20. Hapo hujalowanisha tofali za kuchoma, ambazo ukizijenga kavu zinanyonya maji yote ya udongo wa saruji na ukuta unabaki na viungo vya unga. Hujamwagilia jamvi (sakafu ya zege) na lenta asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Hujaosha makarai. Sasa jiulize nani anayabeba. Kiangazi, vijiji vingi vya kule watu wanafukua mchanga wa korongo, wanasubiri maji yajichuje, wanachota kwa kata. Mama anayekuletea ndoo site amekwenda mara mbili: moja ya nyumbani kwake, moja yako. Siku ya kwanza atakuja anaimba. Baada ya wiki mbili atatuma mtoto, na mtoto huyo yuko darasa la nne na leo hakwenda shule, ili ujenge shule.

Ninachofanya siku hizi ni kudai maji yaingizwe kwenye bajeti kabla sijakubali kazi. Ama shirika linanunua simtanki la lita 5,000 na kulipia boza au mikokoteni ya punda, ama tunaanza kwa kujenga tangi, ndipo darasa. Tangi lenyewe litabaki la shule. Mvua za Dodoma si nyingi, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, lakini milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likifungwa gata vizuri linapokea zaidi ya lita 50,000 kwa mwaka. Ajabu ni kwamba gata ndizo huwa za kwanza kukatwa bajeti ikibana, huku kibao cha jina la mfadhili kikibaki salama.

Nguvu kazi nayo ina kalenda yake. Kule mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na watu wanalima uwele, mtama, mahindi na alizeti. Ukiitisha watu wachimbe msingi Januari, watakaokuja ni mtendaji wa kijiji na wagonjwa. Mei na Juni wanavuna. Nafasi yako ya kweli ni Julai hadi Oktoba, na mfadhili ambaye fedha yake inatoka Novemba lazima aambiwe hivyo mapema, kwa barua, kupitia mtu aliye karibu naye.

Lakini hata katika miezi hiyo kuna jambo linalouma: malipo. Wewe fundi unalipwa, na msaidizi uliyemleta kutoka mjini analipwa. Kijana wa kijiji anapiga koleo lile lile chini ya jua lile lile, anaambiwa ni kujitolea. Nimewahi kuona site nzima imekaa chini ya mbuyu kwa sababu hiyo, na sikuwalaumu. Omba mkutano wa kijiji, sema hadharani ipi ni kazi ya kulipwa na ipi ni mchango. Kwangu mchango unaishia kwenye kusomba mawe na mchanga na kuchimba msingi, kwa zamu za vitongoji, siku moja kwa wiki. Zege likianza kuchanganywa, anayeshika koleo analipwa, na saidia fundi wote watoke hapo hapo. Wawili watatu kati yao watajua kushika mwiko kabla hujaondoka.

Kuna na wageni wa kujitolea, wanaokuja na shirika kwa muda mfupi. Wana moyo, na jua linawachoma kweli. Wape kukunja ringi za nondo, kuchekecha mchanga, kupaka rangi. Kona za ukuta na timazi baki nazo mwenyewe, hata kama kamera imeshawashwa.

Mbao za bure zikataeni. Kijiji kikijitolea kukata miti ya porini kwa ajili ya kenchi, mshukuruni, kisha nunueni mbao zilizotiwa dawa, za shamba la miti la Sao Hill au kwingine, maana mchwa wa Dodoma hana adabu. Na upepo wa kule unang'oa mapaa. Chomoza nondo nyembamba kutoka kwenye lenta kabla zege halijakauka, uje ufungie kenchi.

Cha mwisho cha bure kwenye orodha huwa kinaitwa "matengenezo: kamati ya shule". Kamati haina hata shilingi. Kwa hiyo wakati saruji inanunuliwa, ongeza bati chache za akiba, kilo kadhaa za misumari ya bati, vitasa viwili na kopo la rangi. Vifungiwe stoo ya mwalimu mkuu, viandikwe kwenye leja, na yule kijana aliyejifunza mwiko aonyeshwe vilipo. Fanya hivyo kabla ya sherehe ya kukabidhi jengo, maana baada ya hapo simu ya ofisi huwa haipokelewi.