"Tueleze kuhusu wewe"

Usaili wangu wa kwanza niliuingia na majibu 20 kichwani. Nilikuwa nimeyaokota mtandaoni, nikayanakili kwenye daftari, na usiku dada yangu akanihoji jikoni huku akimenya vitunguu. Nilijiona nimeiva. Asubuhi yake, mbele ya watu watatu, likaja swali jepesi kuliko yote: "Tueleze kuhusu wewe." Nikaanza: nilizaliwa wapi, mimi ni wa tatu kati ya watoto watano, shule ya msingi nilisoma… Mwenyekiti akafunua karatasi zake. "Hayo tumeshayasoma kwenye wasifu wako. Kazini unafanya nini?" Nikabaki kutoa macho.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mhasibu msaidizi, nami nilikuwa nimeshika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi mwaka mzima. Ya kusema yalikuwepo tele. Sikuyaandaa tu, kwa sababu niliamini majibu sahihi ni yale ya mtandaoni.

Siku hizi mtu wangu akiitwa kwenye usaili namwambia aache kukariri, akusanye visa. Vitatu au vinne vya kweli vinatosha: siku uliyokosea, siku uliyopishana na mwenzako, kitu ulichokikuta ovyo ukakinyoosha. Kila kisa kiwe na tarakimu ndani yake. Changu ni hiki. Kila jioni hela ya dukani ilikuwa haikubaliani na risiti za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi: leo pungufu ya elfu nne, kesho elfu kumi na mbili. Bosi alishaanza kumshuku kijana wa kaunta. Nikakaa na yule kijana siku tatu, nikaona: mteja akirudisha bidhaa, hela inatoka kwenye droo lakini haiandikwi popote. Nikaweka daftari la bidhaa zilizorudishwa pembeni ya droo, kalamu nikaifunga kwa uzi isiibwe. Upungufu ukaisha. Kisa hicho kimoja kimenijibia "umewahi kutatua tatizo gani", "unaishije na wenzako kazini", na hata "kwa nini tukuajiri wewe".

Kwenye swali la udhaifu wangu nilisema lile la wote: "Huwa nafanya kazi kupita kiasi." Mmoja wa jopo akatabasamu, kalamu yake haikugusa karatasi. Nadhani alishalisikia mara kadhaa asubuhi ileile. Taja udhaifu wa kweli, usiwe ule unaoua kazi unayoiomba, kisha sema unaudhibiti vipi. Mimi nilikuwa naona haya kuuliza maelekezo yasiponiingia; sasa narudia kwa maneno yangu nilichoagizwa kabla sijaondoka mezani kwa mkubwa.

Swali la mshahara lifanyie hesabu nyumbani. "Chochote mtakachonipa" ni kujichinja mwenyewe. Chukua mshahara wa shilingi 700,000 kwa mwezi, sekta binafsi hapa Tanzania. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata 10%, yaani 70,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, 15% nyingine, 105,000. Kodi ya mapato kama 42,000. Mkononi zinabaki 483,000, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukishaona hivyo ndipo utaje kiwango chako, tena uulize wanachokutajia wao ni kabla au baada ya makato.

Kwa wanaoitwa na Sekretarieti ya Ajira, inayosaili waombaji wa kazi za serikali, mtihani wa mchujo ukiupita ndipo unafika kwenye mahojiano. Soma tangazo la kuitwa kwenye usaili lote hadi mwisho, si jina lako tu. Beba vyeti halisi, cha kuzaliwa kikiwemo, na kitambulisho. Karatasi ya matokeo haihesabiki kuwa cheti. Nauli, chakula na malazi ni juu yako.

Halafu kuna "Una swali kwetu?" Usiseme huna. Kwenye usaili wangu wa tatu niliuliza aliyekuwa kwenye nafasi ile aliondoka kwa nini. Wakatazamana. Mama aliyekaa pembeni, ambaye hakuwa ametamka neno tangu niingie, akacheka: "Ni mimi. Nimepandishwa cheo, na ripoti zako utakuwa unaniletea mimi."